Mti unaopukutisha, unaolala, unaochipua ovyo: namna ya kusoma dalili

Majani yakianza kudondoka kabla ya wakati, au tawi likalala, au machipukizi yakafumuka shinani, wengi hukimbilia dawa ya wadudu na mbolea. Mara nyingi mti huo hauna mdudu wala njaa. Unajibu jambo lililotokea sehemu nyingine ya mwili wake: kilele kimekatwa, mizizi imezama majini, shina limeegama, kivuli kimezidi. Majibu hayo huendeshwa na homoni, yaani kemikali zinazobeba ujumbe ndani ya mti, na mvutano wa dunia una sauti kubwa katika kuamua homoni hizo zikusanyike upande gani wa shina. Kwa hiyo kabla ya kuuliza upige dawa gani, uliza nini kilibadilika, kilibadilikia sehemu ipi ya mti, na muda gani kabla ya dalili kuonekana.

Mwongozo huu unafuata dalili, kwa sababu dalili ndiyo unayokutana nayo kwanza. Lakini bila kuwafahamu wahusika wachache, yaani homoni zenyewe, dalili hazisomeki.

Wahusika

Oksini hutengenezwa zaidi kwenye ncha za machipukizi na kwenye majani machanga, kisha hushuka kuelekea mizizini, seli hadi seli, kwa mwendo wa takriban sentimita 1 kwa saa. Njia yake ina upande mmoja tu. Hata ukikata kipande cha tawi ukakigeuza juu chini, oksini itaendelea kutoka mwisho uliokuwa wa ncha kwenda mwisho uliokuwa wa mizizi. Sitokinini hutoka mizizini na pia kwenye shina lenyewe, nayo huyaamsha macho yaliyolala, yaani vichipukizi vidogo ambavyo bado havijafumuka. Strigolaktoni, ambazo mwaka 2008 zilibainika kuwa homoni za kuzuia matawi, huyalaza. Jiberelini hurefusha pingili. Asidi ya absisiki hufunga matundu ya majani wakati wa kiu. Ethilini ni gesi: huivisha matunda na huyaachanisha majani na tawi.

Na mvutano wa dunia? Ndani ya shina changa kuna seli zenye chembe nzito za wanga. Ukililaza shina, chembe hizo huzama upande wa chini wa seli ndani ya dakika chache, na mmea huanza kupeleka oksini zaidi upande huo wa chini. Kwenye chipukizi, upande wenye oksini nyingi hurefuka haraka, basi ncha hujikunja kwenda juu. Kwenye mzizi, wingi huohuo wa oksini huzuia urefukaji, basi ncha hujikunja kwenda chini. Kwamba mmea hufuata nguvu ya uzito, wala si mwanga peke yake, lilionyeshwa na Thomas Andrew Knight mwaka 1806: alifunga mbegu zinazoota kwenye gurudumu lililozungushwa kwa nguvu ya maji, mizizi ikaelekea nje ya gurudumu, kule nguvu ya mzunguko ilikosukumia, na machipukizi yakaelekea katikati.

Kipimo cha kwanza: jani lililokufa limeshika au limeachia?

Hapa ndipo pa kuanzia kila mara, na ni kipimo kisichogharimu kitu.

Jani halianguki kwa sababu limekufa. Linaangushwa na mti ulio hai. Kwenye kitako cha kikonyo, pale kinapogusana na tawi, kuna ukanda mwembamba wa seli ndogo. Muda wote jani linapofanya kazi vizuri, linapitisha oksini kwenye ukanda huo, na oksini hiyo huufanya usisikie ethilini. Jani likizeeka, likikosa mwanga au likiugua, oksini hupungua. Sasa ukanda unaisikia ethilini, seli zake zinatengeneza vimeng'enya vinavyoyeyusha kilichozigandisha, na jani linaachia kwa uzito wake au kwa upepo mdogo. Nyuma yake mti huwa umeshaandaa tabaka la kinga linalofunga kidonda.

Chukua jani lililoanguka, tazama kitako cha kikonyo, kisha tazama mahali lilipotoka kwenye tawi. Kovu likiwa safi, laini, lenye umbo lilelile la kitako cha kikonyo na vidoto vidogo vya mishipa iliyokatika, mti umeachia kwa hiari yake. Tawi hilo liko hai, au lilikuwa hai siku chache zilizopita. Ukikuta kikonyo kimechanika, na nyuzi za gome zinaning'inia, jani liling'olewa.

Ukitaka kuona kazi ya oksini kwa macho yako, chagua tawi zima lenye afya, ukate bapa la jani moja kwa mkasi na kuacha kikonyo kitupu. Jani la jirani liache lilivyo. Baada ya siku kadhaa, mara nyingi ndani ya wiki mbili, kikonyo kitupu huwa njano na kudondoka kwa kukigusa tu, huku jirani yake amekaza. Hakuna ugonjwa uliopita hapo. Umeondoa chanzo cha oksini, na ukanda ukafanya kazi yake.

Majani yamekauka kahawia lakini hayadondoki

Ukishaelewa kipimo hicho, dalili hii inajieleza. Tawi lilikufa ghafla, kabla ukanda haujapata muda wa kufanya kazi. Seli zilizokufa hazitengenezi vimeng'enya, kwa hiyo jani linabaki limening'inia kwa wiki au miezi.

Fuata tawi kurudi nyuma kuelekea shina hadi ufike mahali gome linapobadilika. Kwangua gome kidogo kwa ukucha au kisu. Chini ya gome la sehemu iliyo hai utakuta kijani chenye unyevu, na chini ya gome la sehemu iliyokufa utakuta kahawia kavu. Kwenye mpaka huo ndipo tatizo lilipo: tawi limevunjika bila kukatika, waya au kamba imekaza hadi ikalikaba, mnyama ametafuna gome kulizunguka, mdudu ametoboa ndani, au moto umepita chini. Kama ni mti mzima na majani yote yamekauka bila kuanguka, nenda moja kwa moja kwenye shina karibu na ardhi.

Isipokuwa ipo miti, hasa baadhi ya jamii za mialoni ikiwa michanga, ambayo hubaki na majani makavu msimu wote wa baridi na kuyaachia machipukizi mapya yanapoanza. Kwa hiyo ufahamu mti wako kabla ya kuupa hukumu.

Majani yanadondoka yakiwa kijani au njano

Hapa mti uko hai na ndio unaofanya uamuzi. Sababu ni nyingi, na zinatofautishwa na tukio lililotangulia.

Mti wa chungu umehamishwa kutoka kwenye mwanga mkali kwenda ndani ya nyumba. Mtini wa ndani wenye majani madogo ya kung'aa ni maarufu kwa hili: ndani ya wiki chache anaweza kumwaga majani mengi mno. Jani lililozoea jua kali likipata mwanga hafifu halilipi gharama zake, oksini inayotoka kwake inapungua, na linaachiliwa. Ukiuhamisha tena kutafuta mahali pazuri zaidi, utaanzisha mzunguko mpya. Uache palepale, punguza maji kwa kuwa majani ya kunywa yamepungua, na usubiri majani mapya ambayo yatajengwa kwa ajili ya mwanga uliopo.

Maji yametuama mizizini. Dalili yake ya mapema huwapotosha watu wengi: vikonyo vinainama na majani yanaelekea chini, mtu anadhani mti una kiu, anaongeza maji. Gusa jani. Jani lenye kiu ni legelege. Jani la mti uliozama mizizi limeelekea chini lakini bado gumu, kwa sababu halijanyauka. Upande wa juu wa kikonyo umerefuka kuliko wa chini na kulisukuma. Mizizi iliyokosa hewa hutengeneza kitangulizi cha ethilini lakini haiwezi kukikamilisha, maana hatua ya mwisho inahitaji oksijeni. Kitangulizi hicho hupanda na maji hadi kwenye majani, kunakopatikana oksijeni ya kutosha, na huko ndiko kinakogeuka ethilini. Baadaye majani yanakuwa njano na kuanguka, kwa kawaida yakianzia yale ya ndani na ya chini. Dawa ni kuyatoa maji hayo: mfereji, tuta, au chungu chenye matundu yasiyoziba. Mbolea juu ya mizizi isiyopumua huongeza madhara.

Majani yamedondoka *baada ya* kumwagilia mti uliokuwa na kiu. Hii inawashangaza watu kuliko zote, na wengi hujilaumu kwa kumwagilia. Kwenye michungwa jambo hili limechunguzwa vizuri. Wakati wa ukame kitangulizi kilekile cha ethilini hujilimbikiza mizizini. Maji yakirudi, mkondo unapanda tena na kukibeba hadi kwenye majani, na majani yanaanguka kwa wingi ndani ya siku chache. Maji hayakukosea. Endelea kumwagilia kwa kiasi na kwa mpangilio. Kilichoangusha majani ni kiu iliyotangulia, na tiba yake ni kutouacha mti ufike huko tena.

Gesi kwenye hewa. Mwaka 1864 mtafiti Girardin aliripoti miti iliyoharibika karibu na mabomba ya gesi ya taa yaliyokuwa yakivuja, na mwaka 1901 Dimitry Neljubow akatambua kwamba sehemu ya gesi hiyo iliyokuwa ikivuruga ukuaji wa miche ni ethilini. Leo utakutana na tatizo hili mti unapofungiwa pamoja na matunda yanayoiva, au kwenye gari lililofungwa lenye moshi wa injini, au karibu na moto unaofuka. Majani huanguka kwa pamoja, yakiwa mengi bado kijani, siku moja hadi chache baadaye. Peleka mti kwenye hewa safi. Kama macho yake yako hai, utachipua.

Matunda madogo yanadondoka

Kabla ya kuhesabu hasara, fahamu kwamba kuangusha ndio utaratibu. Mwembe kwa kawaida hufikisha chini ya asilimia 1 ya maua yake kuwa matunda yaliyokomaa, na mparachichi vivyo hivyo. Mti huchanua kwa wingi, kisha huchuja.

Uchujaji unafanyika kwenye ukanda uleule wa kikonyo, ila safari hii mlinzi ni mbegu. Mbegu changa hutoa oksini na jiberelini. Tunda lenye mbegu imara hupitisha oksini ya kutosha kwenye kikonyo na kushika. Matunda yaliyotangulia pia huyazuia yaliyochelewa kwenye kichala kilekile. Pasua matunda kumi uliyoyaokota chini. Mbegu zikiwa zimesinyaa au kahawia mapema, tatizo ni uchavushaji au hali ya hewa wakati wa maua. Mbegu zikiwa nzuri na matunda yamefika ukubwa wa kutosha, shuku kiu ya ghafla, mzigo mkubwa mno, au wadudu, na hapo tundu la kuingilia litaonekana. Tunda lililochanika kikonyoni lilipigwa na upepo au mvua ya mawe.

Vitawi vizima vimetapakaa chini

Mialoni, mipopla, na baadhi ya misonobari na jamaa zake huachia vitawi vizima kwa njia ileile inavyoachia majani. Tazama mwisho wa kitawi. Ukiwa laini na wa mviringo, umechongoka au umebonyea kidogo, ni mti umejipogoa wenyewe, hasa vitawi vya ndani visivyopata mwanga, au baada ya ukame. Hakuna cha kufanya. Ukiona mfereji uliochongwa kuzunguka kitawi kutoka nje, na katikati pamevunjika, ni mende wakata matawi. Okota vitawi hivyo uvichome, kwa sababu mayai yamo ndani. Mwisho ukiwa umechanika kwa vibanzi virefu, mti umevunjika, na hilo ni suala la mbao, halina uhusiano na homoni.

Kilele kimekatwa, sasa mti umekuwa kichaka

Hii ndiyo dalili ninayotamani watu waielewe kabla ya kupanda ngazi. Anayekata kilele ili "kupunguza mti" hupata, ndani ya msimu mmoja au miwili, maotea mengi yaliyosimama wima, yanayorefuka kasi kuliko tawi lililokatwa.

Mwaka 1933 Kenneth Thimann na Folke Skoog walikata ncha za maharagwe na kuweka oksini mahali pake. Macho ya pembeni yakaendelea kulala kana kwamba ncha ipo. Ncha ikikosekana bila kitu cha kuiwakilisha, macho huamka. Lakini oksini peke yake haimalizi hadithi. Kwa mwendo wake wa sentimita 1 kwa saa, habari za kukatwa kilele zingechelewa sana kuyafikia macho ya mbali, na bado macho ya mbali huamka mapema. Uchunguzi wa mnjegere uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba sukari ndiyo hutangulia: kilele kilikuwa mlaji mkuu, kilipoondoka sukari ikamiminika kwenye macho yenye njaa. Oksini na sitokinini huamua baadaye ni jicho lipi litakalotawala.

Pima sasa hali ya mti uliokatwa kilele. Mizizi ni ileile, yenye akiba ileile na sitokinini ileile. Vilele vimeondoka vyote kwa mara moja. Macho yaliyolala chini ya gome karibu na jeraha yanapata kila kitu, na hakuna anayeyazuia. Kila otea linajitengenezea ncha yake, linausikia mvutano wa dunia na kusimama wima. Ubaya zaidi ni kwamba maotea hayo yameshikwa na tabaka za nje tu za mbao, hayakuota tangu kiini kama tawi la kawaida. Yakishakuwa marefu na mazito, hunyofoka.

Kama kosa limeshatendeka, usikate maotea yote kwa pamoja; utarudia tukio lilelile. Acha machache yaliyopangika vizuri, ondoa mengine, na uyaondoe yakiwa laini kwa kuyanyofoa kwa mkono, kwani kunyofoa huondoa na macho madogo yaliyo kwenye kitako. Lile lililobaki na nguvu zaidi litaanza kutawala yaliyo chini yake.

Na kama bado hujakata, punguza tawi kwa kulirudisha hadi kwenye tawi la pembeni lenye unene usiopungua theluthi moja ya lile unaloondoa. Tawi hilo la pembeni lina ncha zake, oksini inaendelea kushuka, na macho chini yake yanabaki yamelala. Usizidi robo ya majani ya mti kwa mara moja.

Kinyume chake pia kinakusaidia. Unataka tawi mahali pasipo na tawi? Tafuta jicho lililolala, ukate alama fupi ya gome juu yake kidogo, upande wa ncha, kufikia mbao. Umekatiza oksini inayoshuka kutoka juu, na jicho lililo chini ya alama lina nafasi ya kuamka.

Tawi lililoinamishwa linaota mgongoni

Wakulima wa matunda huinamisha matawi ili yazae. Tawi lililoinama hupunguza kasi ya kurefuka, na mara nyingi huweka macho ya maua zaidi. Lakini likilazwa usawa kabisa, au ncha ikashuka chini ya kitako, ncha hupoteza utawala wake na macho ya upande wa juu huamka moja baada ya jingine, yakisimama wima.

Kwa hiyo ukiona safu ya maotea mgongoni mwa tawi, umeliinamisha mno. Lirudishe kwenye pembe ya nyuzi 45 hadi 60 kutoka wima, na uyaondoe maotea yakiwa laini. Funga tawi wakati linakua na uliache limefungwa miezi kadhaa, hadi mbao mpya iwe imeshajengwa katika mkao huo. Ukifungua mapema litarudi lilikotoka.

Mti umeinama: wa zamani au wa jana?

Swali hili lina uzito, kwa kuwa linahusu usalama wa watu walio chini.

Chipukizi changa hujinyoosha kwa saa chache. Shina lililokwisha kuwa mbao haliwezi kurefusha upande mmoja, kwa hiyo hutumia njia nyingine: hujenga mbao maalum. Misonobari na jamaa zake hujenga upande wa chini mbao nzito yenye lignini nyingi (kitu kinachoufanya ubao uwe mgumu), ambayo husukuma kwenda juu. Miti ya majani mapana hujenga upande wa juu, na mbao hiyo yenye nyuzi za selulosi, nyuzi imara za kuta za seli, hukaza ikikomaa na kuvuta shina kama kamba ya hema. Ukikata shina la aina hiyo utakuta kiini hakiko katikati. Pete za upande mmoja ni pana kuliko za upande wa pili. Kazi hiyo huchukua miezi na miaka, na shina nene mara nyingi halinyooki kabisa. Ila sehemu ya juu, iliyo changa, hunyooka.

Basi rudi nyuma hatua chache na utazame umbo zima. Shina likiegama chini kisha likajipinda na kilele kikasimama wima, mti uliinama zamani na umekuwa ukijirekebisha tangu hapo. Shina likiegama moja kwa moja hadi kileleni, bila mpindo wowote, na kilele nacho kimelala, mwinamo ni mpya. Tazama ardhi upande wa pili wa mwinamo: nyufa, udongo ulioinuka, mizizi iliyokatika au inayotikisika unapousukuma mti. Ukikuta hayo, waondoe watu hapo na umwite mkata miti anayejua kazi. Usisubiri mti ujinyooshe, maana mizizi inayoushika ndiyo iliyoshindwa.

Mnazi na michikichi ina hesabu yake. Haina tabaka la kunenepesha shina mwaka hadi mwaka, kwa hiyo haiwezi kujenga mbao ya kulinyoosha. Sehemu changa ya kileleni tu ndiyo hujikunja kwenda juu, na mpindo ulioko chini hubaki humo maisha yote.

Miche midogo inayoinama mara tu inapofunguliwa kiegemezo ina kisa tofauti. Shina linalotikiswa na upepo hurefuka kidogo na kunenepa zaidi. Lililofungwa kwa kukazwa hurefuka na kubaki jembamba. Funga chini, funga kwa kulegeza ili shina liyumbe, na uondoe kiegemezo mizizi ikishashika, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja.

Mche wa kipandikizi umegoma kusimama

Umechukua kitawi kizuri cha mkahawa, kikashika mizizi, kisha mche ukatambaa kando kana kwamba bado ni tawi. Mkahawa una machipukizi ya aina mbili: yanayosimama, na yanayokwenda pembeni na kuzaa. Kitawi cha pembeni hubeba tabia yake hadi kwenye mizizi mipya. Araukaria, mti wa jamaa ya misonobari, ni mkali zaidi: kipandikizi cha tawi lake la pembeni kinaweza kukua kikiwa kimelala maisha yote. Kiegemezo hakitabadilisha hilo. Chukua kipandikizi kutoka chipukizi lililosimama wima.

Kwa miti inayolala kwa asili, kama ile micheri ya mapambo yenye matawi yanayoning'inia, kulala si kosa. Ukiona otea moja linasimama wima kwa nguvu kutoka chini ya kiungo cha kubebesha, hilo ni la shina mama. Liondoe mapema kabla halijaumeza mti uliobebeshwa.

Pingili ndefu mno, au fupi mno

Ndefu, nyembamba, majani yameachana na yamepauka: mti unautafuta mwanga. Kivuli cha majani ya jirani huongeza oksini na jiberelini zinazorefusha. Punguza msongamano.

Fupi, majani yamebanana kileleni: kuna watuhumiwa wawili. Majani yakiwa madogo, membamba na njano katikati ya mishipa, ni upungufu wa zinki, ambao hushusha kiwango cha oksini. Majani yakiwa kijani kilichokolea, shuku paklobutrazoli, dawa inayozuia jiberelini na inayotumiwa kuchanuza miembe. Hubaki udongoni zaidi ya msimu mmoja. Aliyezidisha kipimo hana la kufanya ila kusimamisha dawa, kumwagilia vizuri na kungoja.

Majani yamejikunja kikombe, vikonyo vimejisokota

Angalia kama kuna aliyepiga dawa ya magugu karibu. 2,4-D, mojawapo ya dawa hizo, ni oksini ya kutengenezwa; kwa kipimo kidogo sana wakulima wa machungwa huitumia kuzuia matunda yasianguke, na kwa kipimo cha kuua magugu husokota machipukizi ya mti wowote wa majani mapana uliopatwa na mvuke au matone yake. Dalili huonekana kwenye majani machanga tu, upande uliotazama shamba lililopigwa dawa, na wadudu hawaonekani. Usipogoe haraka. Subiri majani yatakayofuata: yakitoka yamenyooka, mti umepona, yakiendelea kutoka yamejikunja msimu mzima, huenda dawa iliingia kupitia mizizi, na udongo ndio wa kuchunguzwa.